Homoni ya Ukuaji Inapozidi Kipimo

Katika historia ya ligi kuu ya mpira wa kikapu wa kulipwa nchini Marekani, wachezaji wawili ndio waliowapita wenzao wote kwa kimo. Wa kwanza ni Manute Bol, Mdinka aliyezaliwa mwaka 1962 katika nchi ambayo leo huitwa Sudan Kusini, na aliyefariki mwaka 2010. Wa pili ni Gheorghe Mureșan, aliyezaliwa Romania mwaka 1971. Kila mmoja alifikia urefu wa mita 2.31, na wote wawili waliwahi kuichezea timu ya mji wa Washington. Mtazamaji asiyejua angedhani kwamba vimo viwili vinavyolingana hivyo vimetokana na sababu moja. Sivyo. Bol alitoka katika ukoo wa watu warefu mno, na urefu wake ulikuwa wa kurithi, kama mtu arithivyo umbo la pua au rangi ya ngozi. Wazazi wa Mureșan walikuwa watu wa kimo cha kawaida. Urefu wake ulitokana na tezi moja ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo ilimwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi.

Tofauti hiyo si ya maneno tu. Urefu wa kurithi si maradhi. Homoni iliyozidi, kwa upande wake, hurefusha mifupa na wakati huohuo huharibu moyo, viungo na pengine macho, na yule ambaye watu wanamstaajabia barabarani aghalabu ni mgonjwa anayehitaji tabibu. Ili kuelewa jinsi homoni moja inavyoweza kufanya yote hayo, hapana budi kuanza na tezi yenyewe.

Tezi na wasimamizi wake

Pituitari ni mojawapo ya tezi zisizo na mirija, yaani humimina vitu vyake moja kwa moja ndani ya damu. Ukubwa wake ni kama wa punje ya mbaazi, na uzito wake kwa mtu mzima hukaribia nusu gramu. Imekaa katika kishimo cha mfupa kwenye sakafu ya fuvu, nyuma ya pua, na juu yake kidogo tu hupishana neva zinazotoka machoni kwenda ubongoni. Mwanafunzi aukumbuke ujirani huo wa tezi na neva za macho, kwani utahitajika mbele.

Miongoni mwa homoni kadhaa zinazotengenezwa hapo imo homoni ya ukuaji, ambayo ni protini yenye asidi-amino 191. Haitoki mfululizo kama maji ya mfereji. Hutoka kwa mikupuo, na mikupuo iliyo mikubwa hutokea usiku, katika saa za kwanza za usingizi mzito. Ikiisha kuingia katika damu hufika kwenye ini, nalo ini huitikia kwa kutengeneza kichocheo cha pili kiitwacho IGF-1, ambacho umbo lake linafanana na la insulini. Sehemu kubwa ya kazi ya kukuza mifupa hufanywa na hiki cha pili.

Juu ya pituitari wako wasimamizi. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hupeleka wajumbe wawili: mmoja huihimiza tezi itoe homoni, na wa pili, somatostatini, huizuia. Kadhalika, IGF-1 inapoongezeka katika damu hurudi na kuiamuru tezi ipunguze kazi. Utaratibu huu wafanana na boya lililo katika tangi la maji. Maji yanapopanda, boya hupanda nayo na kufunga mlango wa maji. Yanaposhuka, hushuka nayo na kuufungua. Hapana mtu anayesimama kulilinda tangi, na hata hivyo halifuriki.

Gharika hutokea pale seli zinapoacha kulisikiliza boya. Kwa wagonjwa karibu wote chanzo ni uvimbe ndani ya pituitari yenyewe, uitwao adenoma, ambao kwa kawaida si saratani. Huanza na seli moja iliyobadilika, ambayo hugawanyika na kuzaa nyingine za namna yake. Katika wagonjwa wapatao 40 kwa kila 100 wataalamu wameligundua badiliko lenyewe: protini moja ndani ya seli, ambayo ingepasa kuwaka pale tu mjumbe wa kuhimiza afikapo na kisha kuzimika, imekwama katika hali ya kuwaka. Seli hudhani kwamba inaamriwa usiku na mchana. IGF-1 yapanda, amri ya kupunguza yatumwa, wala haitiiwi.

Kwa nini wengine hurefuka na wengine hawarefuki

Hapa ndipo wanafunzi wengi huchanganyikiwa, kwa kuwa homoni ileile huleta maradhi mawili yenye sura tofauti. Jibu limo katika mifupa.

Mfupa mrefu, kama ule wa paja, haurefuki kwa kunyooshwa kote kote. Hukua karibu na ncha zake, mahali palipo na tabaka jembamba la gegedu. Seli za gegedu hugawanyika, hujipanga kwa safu, kisha hugeuzwa kuwa mfupa. Jambo hili laweza kuonekana hata jikoni. Mfupa wa mbuzi mchanga ukichemshwa sana, kichwa chake huchomoka, na pale kilipochomoka ndipo palipokuwa na tabaka la ukuaji. Mfupa wa beberu mzee hauchomoki hivyo, kwa sababu tabaka limekwisha kugeuka mfupa na sehemu hizo mbili zimeungana. Mwalimu anayeweza kupata mifupa ya aina zote mbili kutoka buchani atakuwa na somo zuri kuliko mchoro wowote wa ubaoni.

Kwa binadamu matabaka hayo hufungwa mwishoni mwa kubalehe. Kinachoyafunga ni estrojeni, kwa wasichana na kwa wavulana pia. Ingawa estrojeni huhesabiwa kuwa homoni ya kike, mwili wa kiume huitengeneza kwa kiasi kidogo, na kiasi hicho kina kazi. Mwaka 1994 ilitangazwa habari ya mwanamume wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kuitikia estrojeni kwa sababu ya kasoro ya jeni. Alikuwa na urefu wa mita 2.04, matabaka yake ya ukuaji yalikuwa bado wazi, na alikuwa angali akikua.

Basi homoni ya ukuaji ikizidi kabla matabaka hayajafungwa, mtoto hurefuka pasipo mpaka. Hali hiyo yaweza kuitwa ujitu. Ikizidi baada ya kufungwa, urefu hauongezeki hata sentimita moja, bali mwili hunenepa mifupa na kutanuka pembeni. Hali hiyo huitwa akromegali. Ujitu una hila nyingine tena. Uvimbe unapokua huzisonga seli za jirani katika tezi, zikiwamo zile zinazoamrisha kubalehe. Kubalehe kukichelewa, estrojeni huwa haba, matabaka hubaki wazi, na homoni iliyozidi hupata miaka zaidi ya kuyafanyia kazi.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa Robert Wadlow. Alizaliwa tarehe 22 Februari 1918 katika mji wa Alton, jimbo la Illinois, Marekani, akiwa mtoto mwenye uzito wa kawaida, na wadogo zake walikua kama watoto wengine. Yeye alipotimiza miaka 8 alikuwa amekwisha kumpita baba yake. Alipopimwa mara ya mwisho, Juni 1940, alikuwa na mita 2.72, kimo ambacho hakuna binadamu mwingine aliyethibitishwa kukifikia, na alikuwa bado anakua.

Watu hudhani kwamba mtu wa kimo hicho ana nguvu za ajabu. Hesabu ya shule ya sekondari yaonyesha kinyume. Chukua mtu wa mita 1.70 na umbo lake lilelile ulikuze mpaka mita 2.72, yaani mara 1.6. Uzito hufuata ujazo, hivyo huzidishwa kwa 1.6 mara tatu na kuwa kiasi cha mara 4.1. Lakini nguvu ya mfupa na ya msuli hufuata eneo la mkato wake, ambalo huongezeka mara 2.6 tu. Kila sentimita ya eneo la mfupa sasa yabeba mzigo mzito kuliko kabla. Wadlow, ambaye uzito wake ulizidi kilo 200, alilazimika kutembea kwa mkongojo na vyuma vya kuikaza miguu, na hisia katika miguu yake zilikuwa hafifu. Mwezi wa Julai 1940 chuma kisichomkaa vizuri kilimchubua kifundo cha mguu, asihisi upesi. Kidonda kikaingia vijidudu, na wakati ule penisilini ilikuwa haijaanza kutumiwa hospitalini. Alifariki tarehe 15 ya mwezi huo akiwa na umri wa miaka 22. Lililomuua ni lengelenge.

Maradhi yaendayo polepole

Akromegali huwapata zaidi watu wa makamo, na ni maradhi machache: kila mwaka hugunduliwa wagonjwa wapya 3 au 4 katika kila watu milioni moja. Jina lake lilitolewa mwaka 1886 na tabibu Mfaransa Pierre Marie, aliyeunga maneno mawili ya Kiyunani yenye maana ya ncha na ukubwa. Alilichagua vyema, maana ncha za mwili ndizo zinazosema kwanza. Pete haiingii tena kidoleni. Kiatu cha namba ileile hubana. Mfupa wa juu ya macho hujitokeza, pua na midomo hunenepa, ulimi hujaa kinywa, na sauti huwa nzito. Taya la chini husogea mbele na meno huachana. Mwanya wa kuzaliwa nao ni pambo. Mwanya unaotokea mtu akiwa na miaka 40 ni jambo jingine.

Mabadiliko hayo huenda taratibu kiasi kwamba wanaoishi na mgonjwa hawayaoni. Anayeonana naye kila siku huzoea, na mgonjwa mwenyewe hujiona kwenye kioo kila asubuhi. Mara nyingi hupita kati ya miaka 5 na 10 tangu dalili za kwanza hadi maradhi kutambuliwa. Jamaa aliyerudi baada ya kukaa mbali ndiye hushtuka, au karani anayelinganisha uso ulio mbele yake na picha ya kitambulisho cha zamani. Matabibu nao hutumia njia hiyohiyo: humwomba mgonjwa alete picha zake za miaka iliyopita na kuzipanga kwa mfuatano.

Yanayotokea ndani ya mwili ni mabaya kuliko yale ya usoni. Moyo hunenepa kuta zake na shinikizo la damu hupanda. Gegedu za viungo hukua vibaya kisha huchakaa, na maumivu ya magoti na mgongo hufuata. Neva ipitayo katika kifundo cha mkono husongwa, vidole vikafa ganzi. Koo lililojaa nyama huziba usiku, mgonjwa akakoroma na kukatika pumzi usingizini. Jasho huwa jingi hata wakati wa baridi. Misuli, ingawa yaonekana minene, ni dhaifu.

Kuhusu sukari yafaa kueleza zaidi, kwa kuwa laonyesha kwamba homoni ya ukuaji haishughulikii mifupa pekee. Mtu anapofunga au kukosa chakula, homoni hii huamrisha mafuta yaliyohifadhiwa yatumike na sukari ibakizwe katika damu kwa ajili ya ubongo. Kwa maneno mengine, huipinga insulini. Kwa kiasi chake ni busara ya mwili. Ikizidi daima, kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi na zaidi, na linaposhindwa mgonjwa hupata kisukari. Yamkini mtu akatibiwa kisukari au shinikizo la damu kwa miaka pasipo yeyote kuuliza kwa nini viatu vyake vimekuwa vidogo.

Mwisho ni ule ujirani wa neva za macho. Uvimbe ukipanda juu huzikandamiza pale zinapopishana, na nyuzi zinazoumia kwanza ni zile ziletazo habari za pande za nje. Mgonjwa huona vizuri mbele yake lakini hupoteza kuona kandokando, kushoto na kulia, na huanza kujigonga kwenye miimo ya milango bila kujua sababu. Pamoja na kuumwa kichwa, dalili hii haifai kungojewa. Akromegali isiyotibiwa hupunguza umri wa mtu kwa miaka ipatayo 10, na wauaji wakuu ni maradhi ya moyo na ya kupumua.

Jinsi ilivyotambulikana, na tiba yake

Baada ya Marie kulitoa jina, wataalamu walibishana kwa muda mrefu: je, pituitari iliyovimba hufanya kazi kupita kiasi, au imeharibika na kuacha kufanya kazi? Mwaka 1909 daktari mpasuaji Mmarekani Harvey Cushing aliondoa sehemu ya tezi ya mkulima mmoja mwenye akromegali, naye akapata nafuu. Kama maradhi yangekuwa ya upungufu, kupunguza tezi kungemzidishia ugonjwa. Mwaka 1921 Herbert Evans na Joseph Long huko California waliwadunga panya maji ya pituitari za ng'ombe, panya wakakua kuwa majitu ya panya. Mjumbe wa kuhimiza, aliyetajwa juu, alitafutwa miaka mingi katika ubongo bila mafanikio, kwa sababu kiasi chake humo ni kidogo mno. Alipatikana mwaka 1982 mahali pasipotarajiwa: katika uvimbe wa kongosho la mgonjwa wa akromegali, ambao ulikuwa ukimtengeneza kwa wingi.

Kupima homoni yenyewe mara moja hakutoshi, kwa kuwa hutoka kwa mikupuo na kipimo kimoja chaweza kudanganya. Hupimwa IGF-1, isiyobadilika sana kutwa. Kisha mgonjwa hunyweshwa gramu 75 za glukosi. Kwa mtu mzima mwenye afya sukari hiyo huizima homoni ya ukuaji mpaka chini ya maikrogramu 1 kwa lita. Kwa mwenye uvimbe haizimiki. Ni jaribio la boya lenyewe: maji yapandishwa kwa makusudi ili ionekane kama mlango utafunga.

Tiba ya kwanza ni upasuaji, na njia yake ni kupitia puani, pasipo kupasua fuvu. Uvimbe mdogo huondolewa wote mara nyingi. Mkubwa huacha mabaki. Kwa mabaki hayo ziko dawa zinazoiga somatostatini. Somatostatini ya asili hudumu katika damu kwa dakika chache tu, kwa hiyo wanakemia walitengeneza mifano yake inayodumu, na leo sindano moja yaweza kutosha mwezi mzima. Dawa nyingine huziba vipokezi ambavyo homoni hujishikiza. Mionzi hutumiwa pia, lakini kazi yake huchukua miaka. Homoni ikirudi katika kipimo, uvimbe wa nyama hupungua, jasho hukoma na moyo hupata nafuu. Mifupa iliyokwisha kukua hairudi, na ndiyo sababu mwaka mmoja wa kuchelewa una gharama.

Shuleni mwalimu ana kifaa bora kuliko anavyofikiri: alama za penseli ukutani. Mtoto mwenye afya, baada ya miaka ya utotoni na kabla ya kubalehe, huongezeka sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Wakati wa kubalehe mwendo huo huongezeka kwa muda mfupi na kisha hupungua. Mtoto mrefu wa wazazi warefu, anayekua kwa mwendo ule wa wenzake, hana la kutafutwa. Wa kupelekwa hospitali ni yule ambaye mwaka baada ya mwaka anawaacha wenziwe kwa mwendo usiopungua, na ambaye jamaa zake hawana kimo hicho, hasa akilalamika kichwa au macho. Na wako vijana wanaouziwa homoni hii wakiahidiwa urefu au misuli. Aliyekwisha kufunga matabaka ya mifupa hatarefuka. Atakachonunua ni dalili za akromegali. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipiga marufuku mwaka 1989.

Mifupa ya Charles Byrne

Karne mbili na nusu zilizopita Ireland ilikuwa na jitu lake. Charles Byrne alizaliwa mwaka 1761, akafika London mwaka 1782 kujionyesha kwa malipo, na akafa mwaka uliofuata akiwa na miaka 22, umri uleule wa Wadlow. Urefu wake, kwa kipimo cha mifupa, ulikuwa mita 2.31, sawa na wale wachezaji wawili. Alijua kwamba wapasuaji wanautamani mwili wake, akaomba azikwe baharini. Daktari John Hunter aliununua kwa siri, akaichemsha maiti, na mifupa ikawekwa katika makumbusho ya London.

Mwaka 1909 Cushing aliagiza fuvu lifunguliwe, na kile kishimo cha pituitari kilionekana kimetanuka. Mwaka 2011 watafiti walitangaza kwamba wametoa DNA katika meno ya Byrne na kukuta badiliko katika jeni iitwayo AIP. Badiliko hilohilo lilikutwa katika familia zinazoishi leo Ireland ya Kaskazini, na kwa hesabu zao wote walitokana na babu mmoja aliyeishi miaka ipatayo 1,500 iliyopita. Si kila mwenye badiliko hilo huugua. Lakini watoto wa familia hizo sasa wanaweza kupimwa damu, na wale waliolirithi kuchunguzwa kimo na pituitari tangu wakiwa wadogo, kabla uvimbe haujaanza kusema usoni. Makumbusho yalipofunguliwa upya mwaka 2023 mifupa ya Byrne haikurudishwa kwenye onyesho. Imehifadhiwa kwa ajili ya utafiti, na wako wanaoendelea kudai ipelekwe baharini.